Kiharusi Kinachotokana na Mifupa Kubana Mishipa ya Shingo: Maelezo ya Mgonjwa Ndiyo Kipimo cha Kwanza

Na Mwandishi Wetu, Ruvuma

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi upande wa kaskazini hadi Chiwindi karibu na mpaka wa Msumbiji, mwiba wa samaki kukwama kooni si jambo la kustaajabisha. Usipa huliwa mzima, na mbasa ni samaki mtamu lakini mwenye miiba mingi. Kwa kawaida mwiba hushuka wenyewe, au mgonjwa huenda zahanati ukatolewa. Hata hivyo, wapo watu wachache ambao mwiba huo haushuki. Kila wanapomeza mate huuhisi upande mmoja wa koo, wiki baada ya wiki, maumivu yakipanda hadi sikioni, na mhudumu wa afya akimulika koo haoni kitu. Kwa baadhi ya watu hao kinachochoma si mwiba wa samaki. Ni mfupa wao wenyewe, ulioota chini ya fuvu la kichwa na kurefuka kuliko kawaida.

Mfupa huo, pamoja na mifupa mingine michache ya shingo, unaweza kufanya jambo zito kuliko kuchoma koo. Umepakana na mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo. Unapoibana mishipa hiyo, au kuikwaruza kidogo kidogo kila mtu anapogeuza kichwa, matokeo yanaweza kuwa kiharusi. Na mara nyingine kiharusi hicho humpata mtu ambaye hana shinikizo la damu, hana kisukari, na umri wake bado ni wa kulima na kuvua.

Ifahamike mapema kwamba kiharusi cha namna hii ni nadra. Wagonjwa wengi wa kiharusi nchini huugua kwa sababu zilizozoeleka, na ya kwanza kati ya hizo ni shinikizo la juu la damu, ambalo utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulilikuta kwa takriban robo ya watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Kiharusi chenyewe si ugonjwa wa nchi za mbali. Watafiti waliofuatilia wakazi wa Wilaya ya Hai na sehemu ya Jiji la Dar es Salaam kwa miaka mitatu, kuanzia Juni 2003, waliandikisha wagonjwa wapya 636. Baada ya kusawazisha umri wa wakazi, kiwango kilikuwa wagonjwa 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika Hai, na 315.9 Dar es Salaam, kiwango kilichozidi cha nchi nyingi tajiri. Hivyo mkazi wa Mbinga au Nyasa anayesoma habari hii asiache kupima shinikizo la damu kwa kudhani kuwa tatizo lake liko kwenye mifupa. Lakini ugonjwa kuwa nadra si sababu ya kutoujua, hasa pale ambapo kuutambua kunategemea maneno ya mgonjwa kuliko mashine.

Ubongo una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya hewa ya oksijeni inayobebwa na damu. Damu hiyo huufikia kwa njia nne. Mbili ziko mbele ya shingo, kulia na kushoto mwa koromeo. Ndizo ateri za karotidi, na mtu akiweka vidole kando ya kikoromeo husikia mapigo yake. Nyingine mbili ziko nyuma. Hizi hazishikiki kwa vidole, kwa kuwa hupanda ndani ya matundu yaliyo pembeni mwa pingili za shingo, kutoka pingili ya sita hadi ya kwanza, kisha hupinda nyuma ya pingili hiyo ya kwanza na kuingia kwenye fuvu. Chini ya ubongo mishipa hiyo huungana na kufanya mzingo, ili njia moja ikipungukiwa nyingine zisaidie. Mpangilio huo huwaokoa watu wengi. Tatizo ni kwamba mzingo huo haukamiliki kwa kila mtu, na wapo wanaozaliwa wakiwa na mshipa mmoja wa nyuma ulio mwembamba mno. Mtu wa aina hiyo hutegemea upande mmoja, na ukibanwa upande huo hana akiba.

Shingo ni sehemu inayozunguka, na hapo ndipo mfupa na mshipa hugombana. Pingili mbili za juu peke yake hubeba nusu au zaidi ya mzunguko wote wa kichwa. Mshipa uliopita hapo hujivuta na kujikunja maelfu ya mara kwa siku bila madhara, mradi mifupa inayouzunguka iwe na umbo na nafasi ya kawaida.

Mfupa uliotajwa mwanzoni hukaa chini ya sikio, nyuma ya pembe ya taya. Ni kichomozo chembamba kinachoitwa stailoidi, jina lililotokana na umbo lake kama la kalamu ya kale ya kuchorea juu ya nta. Urefu wake wa kawaida ni milimita 20 hadi 30. Kutoka kwenye ncha yake hutoka kano inayokwenda hadi kwenye mfupa mdogo ulio chini ya ulimi. Kwa baadhi ya watu kichomozo hurefuka kupita kiasi hicho, na kwa wengine kano yenyewe hugeuka mfupa, hivyo pakawa na kijiti kigumu mahali palipopaswa kuwa na uzi laini. Makisio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba asilimia 4 ya watu wana kichomozo kirefu, na kati yao ni sehemu ndogo tu wanaopata dalili yoyote.

Aliyeupambanua ugonjwa huu ni Watt Weems Eagle, daktari wa masikio, pua na koo wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, ambaye mwaka 1937 alieleza habari za wagonjwa wake wa kwanza, na kwa sababu hiyo hali hiyo hujulikana kama ugonjwa wa Eagle. Alitofautisha sura mbili. Ya kwanza ni ile ya koo: kuhisi kitu kimekwama, maumivu wakati wa kumeza, na sikio kuuma ingawa sikio lenyewe ni zima. Hii mara nyingi aliiona kwa watu waliowahi kukatwa tonsili. Ya pili ni ya mshipa. Hapa kijiti hicho hugusa ateri ya karotidi, ambayo kwenye kimo hicho hupita katika upenyo mwembamba, stailoidi ikiwa upande mmoja na bawa la pingili ya kwanza ya shingo likiwa upande wa pili. Mgonjwa huumwa shingo na uso upande mmoja, wakati mwingine hadi kwenye jicho, na maumivu huzidi anapogeuza kichwa.

Jinsi mguso huo unavyozaa kiharusi yafaa ielezwe kwa makini, kwa kuwa ni njia mbili tofauti. Katika njia ya kwanza, mfupa huufinya mshipa kama mtu anavyokanyaga mpira wa kumwagilia bustani: damu hupungua kichwa kikiwa kimegeuzwa, na hurudi kikinyooshwa. Mgonjwa huona giza, huyumba au huanguka, kisha hupata nafuu mara moja. Njia ya pili ni ya hatari zaidi. Mfupa hukwaruza ukuta wa mshipa mpaka ngozi ya ndani inachanika, damu hupenya kati ya tabaka za ukuta huo, na mahali palipochanika hufanyika bonge la damu iliyoganda. Bonge likimeguka husafirishwa hadi kwenye ubongo na kuziba kijishipa cha mbele. Hapo kunyoosha kichwa hakusaidii tena. Kuchanika kwa mishipa ya shingo, kwa sababu yoyote ile, ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya kiharusi kwa watu walio chini ya miaka 50.

Kuchanika huko huwa na ishara zake, ambazo ni rahisi kupuuzwa. Maumivu mapya ya shingo au kichwa upande mmoja, yasiyofanana na yale ambayo mtu ameyazoea, ndiyo ya kwanza. Ishara nyingine huonekana usoni: kope la jicho moja hushuka kidogo na mboni ya jicho hilo huwa ndogo kuliko ya pili. Mtu mwenye hali hiyo haumwi jicho, na akipewa dawa ya matone ya macho tatizo lake halijaguswa. Kati ya ishara hizo na kiharusi chenyewe zinaweza kupita saa au siku kadhaa, na huo ndio muda ambao matibabu yanaweza kuzuia kilema.

Mishipa miwili ya nyuma ina visa vyake. Mwaka 1978 daktari Sorensen wa Marekani alieleza habari za mtu aliyepata kiharusi alipokuwa akifanya mazoezi ya kulenga shabaha kwa upinde na mshale, mwili ukiwa umeelekea upande mmoja na uso umegeuzwa kabisa upande wa pili. Tangu hapo madaktari hukiita kiharusi cha mwinda kwa upinde. Siku hizi wenye upinde ni wachache, lakini mkao ule ule wanao watu wengi: dereva anayerudisha gari nyuma huku ametoa kichwa dirishani, mwendesha bodaboda anayegeuka kuzungumza na abiria, mvuvi anayepiga kasia huku akitazama wavu nyuma ya bega, fundi anayepaka rangi dari. Mwaka 1993 daktari mwingine wa Marekani, Michael Weintraub, alitoa taarifa ya wanawake wenye umri mkubwa walioshikwa na dalili hizo baada ya kuoshwa nywele saluni, kichwa kikiwa kimelazwa nyuma kwenye ukingo wa beseni.

Katika watu wenye afya, mikao hiyo haidhuru. Hudhuru pale ambapo tayari kuna kitu kigumu kinachousubiri mshipa, na kwa mishipa ya nyuma kitu hicho mara nyingi ni uchakavu wa pingili. Sahani laini zilizo kati ya pingili hukauka kadiri umri unavyosonga, pingili hukaribiana, na mwili hujibu kwa kuotesha vichomozo vya mfupa kwenye kingo. Vingi huota nusu ya chini ya shingo, kati ya pingili ya tano na ya sita, na kinapoota pembeni huelekea kwenye lile tundu ambamo ateri hupita.

Kwa wakazi wa Mbinga na mwambao wa Nyasa jambo hili lina uzito wake. Wamatengo hulima milima kwa ngoro, mashimo yanayotengenezwa kwa jembe la mkono katika miteremko mikali, na mavuno ya miteremko hiyo mara nyingi hufika nyumbani yakiwa juu ya kichwa cha mtu. Kuni, mihogo na ndoo za maji hubebwa kwa ngata. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina uzito wa zaidi ya kilo 20, na uzito wote huo hushuka moja kwa moja kwenye pingili saba za shingo. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, madaktari Echarri na Forriol walipiga picha za eksirei shingo za wanawake wanaobeba kuni kichwani na kuzilinganisha na za wanawake wasiofanya kazi hiyo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalionyesha kuwa shingo za wabeba kuni zilikuwa na uchakavu zaidi. Uchakavu si kiharusi, na watu wengi huzeeka nao bila kuujua. Hata hivyo, kila bomba la maji linalosogezwa karibu na nyumba, pamoja na kazi nyingine linayofanya, hupunguza safari ambazo shingo ya mama au binti ingebeba mzigo huo.

Mfupa wa tatu unaostahili kutajwa ni ubavu wa ziada unaoota kwenye pingili ya mwisho ya shingo, juu ya mtulinga. Chini ya mtu mmoja katika kila 100 huzaliwa nao, na wengi hawaujui hadi wapigwe picha kwa sababu nyingine. Ubavu huo hubana ateri inayokwenda mkononi. Mkono huwa baridi, vidole hufa ganzi, na mapigo ya kifundo hufifia mkono unapoinuliwa, kama wakati wa kuchuma kahawa kwenye matawi ya juu. Kwa kuwa ateri za nyuma ya shingo huchipuka kutoka kwenye mshipa huo huo, bonge la damu lililofanyika hapo linaweza, kwa nadra sana, kurudi nyuma na kupanda kichwani.

Ugumu mkubwa wa maradhi haya upo kwenye utambuzi. Mgonjwa wa kiharusi anapofikishwa kwenye kipimo cha CT-Scan hulazwa chali, kichwa kikiwa kimenyooka na kimetulizwa. Huo ndio mkao ambao mfupa haubani kitu. Picha ya ubongo itaonyesha sehemu iliyokosa damu, na picha ya mishipa inaweza kuonyesha njia iliyo wazi. Shinikizo la damu litapimwa na kukutwa sawa, moyo utasikilizwa na kukutwa sawa, na mgonjwa ataruhusiwa akiwa na vidonge na maelezo kwamba chanzo hakikupatikana. Akirudi shambani na kugeuza shingo kama alivyogeuza mara ya kwanza, kiharusi cha pili kinaweza kumpata akiwa kwenye vidonge hivyo hivyo.

Kinachobadilisha mkondo huo ni sentensi moja kutoka kwa mgonjwa au kwa ndugu aliyekuwepo: kwamba alikuwa amegeuza kichwa upande fulani, kwamba alikuwa ameinama au ametazama juu, kwamba giza la macho humjia kila anapotazama nyuma na huondoka akinyoosha shingo, kwamba koo limekuwa likimchoma upande huo huo kwa miezi. Daktari akisikia hayo hubadilisha uchunguzi. Atapitisha kidole kinywani mahali penye tonsili kutafuta ncha ngumu ya mfupa. Ataomba picha inayoonyesha mifupa na mishipa kwa pamoja baada ya kudungwa dawa ya kung'arisha damu, na pale wataalamu na vifaa vilipo, picha nyingine itapigwa kichwa kikiwa kimegeuzwa taratibu kwa uangalizi. Bila maelezo hayo hakuna anayeagiza kipimo cha namna hiyo, kwa kuwa si cha kila mgonjwa.

Hapa ndipo familia za Ruvuma, kama za mikoa mingine, zinapoweza kupoteza au kuokoa mengi. Utafiti wa Gerry Mshana na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulibaini kuwa jijini Dar es Salaam wengi walikihusisha kiharusi na majini au ushirikina, wakati katika Wilaya ya Hai watu walitaja zaidi sababu za kimwili kama shinikizo la damu. Pengine ni kinyume cha vile ambavyo wengi wangetarajia kati ya mji na kijiji. Mtu asiye mzee anapoanguka ghafla akiwa mzima, na vipimo visionyeshe kitu, tafsiri ya kurogwa hupata nguvu. Na ikishapata nguvu, habari ya shingo iligeuka upande gani haisimuliwi tena kwa daktari. Familia huona haina maana.

Zipo pia tiba za mtaani zinazozidisha hatari. Mtu anayelalamikia kitu kilichokwama kooni huweza kushauriwa akatwe kimio, desturi ambayo imewafikisha watoto hospitalini wakivuja damu au wakiwa na maambukizi. Kimio hakihusiki kabisa na mfupa ulio nyuma ya taya. Mwenye maumivu ya shingo naye hupelekwa kukandwa na kukunjwa shingo, na mijini baadhi ya vinyozi humalizia kunyoa kwa kumshika mteja kichwa na kukizungusha kwa ghafla hadi shingo ialike. Watu wengi huinuka hapo bila madhara, na ndiyo maana mtindo huo unaendelea. Lakini kuchanika kwa ateri baada ya shingo kuzungushwa kwa nguvu ni jambo ambalo madaktari wamelishuhudia na kuliandika mara nyingi, na mteja hana njia ya kujua kabla ya kukaa kwenye kiti kama mfupa wake ni wa kawaida. Kupaka mafuta na kukanda misuli ya mabega kwa utaratibu ni jambo jingine, wala halikatazwi.

Dalili za kiharusi chenyewe hazitofautiani kwa sababu ya chanzo. Mdomo huenda upande, mkono mmoja huanguka mtu anapoinua yote miwili, maneno huwa mazito au hayaeleweki. Kinachotokana na mishipa ya nyuma huweza kuanza kwa kizunguzungu kikali, kuona vitu viwili viwili, kuyumba kama mlevi na kutapika, na kwa sababu hiyo mgonjwa huweza kudhaniwa amelewa au ana malaria. Dalili zikitoweka baada ya dakika chache, hilo ni onyo na si kupona. Mgonjwa anapaswa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Muda una thamani kubwa. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, katika hospitali zinazoitoa, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kabla ya kuitoa ni lazima picha ithibitishe kwamba ubongo hauvuji damu. Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga ni kilometa 66, na kutoka Mbinga hadi Songea ni takriban kilometa 100. Zamani safari hiyo ilimaliza siku, hasa masika. Sasa barabara ni ya lami, na mashine za CT-Scan zimesambazwa hadi ngazi ya hospitali za rufaa za mikoa. Saa nyingi zinazopotea leo hupotea nyumbani, wakati wa kusubiri mgonjwa aamke, au kumtafuta mzee wa familia atoe uamuzi.

Anayemsindikiza mgonjwa aandike saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Asimpe chakula, maji wala dawa ya kunywa, kwa kuwa koo lililopooza huelekeza vitu kwenye mapafu. Asimpe aspirini kabla ya picha, kwani ikiwa ni damu inayovuja itamdhuru. Shingo isikandwe wala kugeuzwa; mgonjwa alazwe kichwa kikiwa sambamba na mwili, na akitapika ageuzwe mwili mzima kwa pamoja. Aliyeanguka kutoka juu ya mti au kwenye pikipiki achukuliwe kuwa ameumia shingo hadi ithibitike vinginevyo.

Chanzo kikishathibitishwa kuwa ni mfupa, tiba hutegemea mahali ulipo na uharibifu uliofanyika. Mshipa uliochanika hupewa muda wa kupona kwa dawa za kuzuia damu kuganda, kwa kawaida kwa miezi kadhaa. Stailoidi iliyorefuka hukatwa na kufupishwa, ama kupitia kinywani au kupitia kwenye shingo, na njia ya shingoni huchaguliwa zaidi pale ambapo daktari anahitaji kuuona mshipa kwa macho anapofanya kazi. Katika baadhi ya nchi madaktari waliweka kijibomba cha wavu ndani ya mshipa na kuuacha mfupa ulivyo. Imeshatokea mfupa ukakivunja kijibomba hicho. Kwa mishipa ya nyuma, daktari huondoa kichomozo kinachobana au huziunganisha pingili mbili za juu zisizunguke tena. Mgonjwa aliyeunganishwa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kugeuza kichwa, na anapaswa kuelezwa hivyo kabla ya kutia saini.

Ni kazi inayohitaji watu wa fani zaidi ya moja. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, inakusanya mahali pamoja madaktari wa mifupa na wa upasuaji wa ubongo, na jirani yake ipo Hospitali ya Taifa Muhimbili yenye wataalamu wa koo na taya. Songea ipo zaidi ya kilometa 900 kutoka hapo. Kwa mgonjwa wa Liuli au Litembo njia huanzia zahanati, hupitia hospitali ya wilaya au ya misheni na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na katika kila kituo barua ya rufaa hubeba kile tu kilichoandikwa kwenye kituo kilichotangulia. Mhudumu wa kwanza akiandika "kiharusi" pekee, wa mwisho atasoma hivyo. Akiongeza kwamba kilianza mgonjwa alipogeuza shingo kushoto, taarifa hiyo itasafiri naye hadi Dar es Salaam.

Anayerudi nyumbani akiwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda hapaswi kuziacha kwa kuwa amepata nguvu, wala kuzichanganya na mitishamba bila kumweleza daktari, kwa sababu baadhi ya mitishamba huzidisha au hupunguza nguvu ya dawa hizo. Akijikata kwa jembe au panga damu itachelewa kukatika. Abane kidonda kwa kitambaa safi na aende zahanati akiwa na karatasi yenye jina la dawa anazotumia.